Nguzo ya Nne

Leo kwenye maabara mwalimu wa kemia alituonyesha jinsi sukari inavyochacha. Alitia hamira kwenye chupa yenye maji ya sukari, akaibana chupa kwenye stendi ya chuma, akatuambia tusubiri. Tukasubiri. Vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja, halafu vingi. Akasema mmoja wetu asogee atege sikio awaambie wenzake anachosikia, na kwa kuwa mimi huwa sinyooshi mkono, akanichagua mimi. Nikainama.

Sikukaa pale hata dakika. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, nikasikia nyuma yangu mtu akisema Leokadia kalewa kwa harufu tu, jamani, na darasa zima likicheka.

Sikulewa. Hamira ya dukani hata hainukii kama pombe ya kwetu, ile ya kimea, ambayo ina moshi ndani yake na uchachu unaokupata nyuma ya taya. Lakini sauti ni ile ile. Na stendi ya mwalimu ilikuwa inatikisika, kitako chake hakikukaa vizuri mezani, na hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi. Mimi sijawahi kuona kitu kizito kimewekwa juu ya kitu kingine nisiangalie miguu yake kwanza.

Kwa hiyo naandika. Kusema siwezi, kuandika naweza.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kinole, mahali ambapo mlima haukupi sehemu ya kuweka hata sufuria bila kuchimba kwanza. Ua wetu wote ulikuwa mteremko. Chungwa likikuponyoka hulifuati, linakwenda lenyewe kwa majirani. Baba alikuwa analima mananasi na ndizi, na alikuwa na mdalasini kidogo, na alikuwa na kifua. Nakumbuka kifua kuliko uso. Usiku na mchana kilikuwa kinachemka ndani, taratibu, kama kitu kilichofunikwa. Nikilala karibu naye nilikuwa nasikia vipovu. Alikufa mvua za masika zilipoanza, mimi nikiwa darasa la tatu na mdogo wangu bado anabebwa mgongoni.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho wakati ule nilikijua nusu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ndiyo tunaita lukolo. Baba alikuwa wa lukolo lake, pamoja na dada zake na watoto wa dada zake. Mimi na mdogo wangu ni wa Mama, na Mama ni mtu wa Kisaki, huko chini tambarare reli inakopita. Ardhi tuliyokuwa tunalima ilikuwa ya upande wa Baba. Baba akiwa hai hilo halikuwa na uzito wowote. Baba alipokufa nikaanza kusikia kwamba kuna siku inakuja, siku ya kumaliza tanga, watu watakaa uani kwetu, jina la Baba atapewa mtu mwingine alibebe, na hapo itasemwa kama sisi tunabaki au tunaondoka.

Aliyeleta habari hiyo alikuwa Shangazi Tekla, dada mkubwa wa Baba. Alikuja na pipa la bluu la plastiki kichwani, lenye koki karibu na kitako, akaliweka chini na kulishikilia kwa mguu lisije likaondoka. Akamwambia Mama kwamba pombe ya tanga hupikwa na mjane, si mtu wa pembeni. Mama akasema hajawahi kupika pombe maishani mwake.

"Najua," Shangazi akasema. "Watu wa Kisaki mnajua kusubiri treni, kusubiri pombe hamjui."

"Treni yetu nayo huchacha, wifi," Mama akamjibu. "Tumezoea."

Shangazi alicheka kweli, akakaa. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage, na nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wazee wakinywa wakaridhika hata maneno yao yanakuwa laini. Na kwamba siku hiyo marehemu hurudi akakaa na watu wake.

Ni maneno mawili tu hayo. Nikayafanya sheria yangu. Pombe ikiwa nzuri, tunabaki. Pombe ikiharibika, tunaondoka. Sikumwuliza mtu yeyote kama nimeelewa sawa. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, yaani hata nikiumwa jino nilikuwa nasubiri uso uvimbe wenyewe ili waone.

Mama akajifunza kupika pombe kama mtu anayejifunza kuogelea akiwa ameshatumbukizwa. Aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, akauanika jua likitokea na kuuanua mvua ikianza, mara tano sita kwa siku. Majirani walikuwa wanapita na kumwelekeza, kila mmoja na lake. Kilichokuwa kimebaki ni kichanja.

Mlimani wakati wa masika huwezi kuweka pipa la pombe chini. Maji yanapita chini yake, pombe inapoa, inakufa kabla haijaiva. Halafu koki inahitaji nafasi ya kukinga ndoo. Kwa hiyo hujengwa kichanja, nguzo nne na sakafu ya mianzi juu yake, urefu wa kiuno hivi, na hujengwa na wanaume wa ukoo wa marehemu. Shangazi alisema atamtuma Desideri, mwanawe wa kwanza, na vijana wengine. Jumatatu hawakuja. Kimea kikasagwa. Hawakuja. Mama akamtuma mtu akaulize, jibu likarudi kwamba wana palizi. Siku zikawa zimebaki chache kuliko vidole vya mkono mmoja.

"Leo, niletee panga la baba yako," Mama akasema asubuhi moja. Mimi huitwa Leo nyumbani.

Panga la Baba lilikuwa linakaa juu ya mlango, limechomekwa kwenye boriti. Mpini wake ulikuwa umevingirishwa mpira wa baiskeli. Nikapanda kwenye kinu nikapapasa. Halikuwepo. Nikaangalia chini ya kitanda, jikoni, kwenye banda la mbuzi. Nikarudi nikamwambia Mama halipo, nikaona uso wake ukitulia ghafla, kama maji ukiacha kuyakoroga. Aliangalia mlango muda mrefu kidogo.

"Basi chukua mundu," akasema.

Mimi nikaamua Mama amelificha mwenyewe. Niliwaza amelitia kwenye jeneza, au amelizika mahali kwa sababu hawezi kuliona. Nikamkasirikia siku nzima bila kusema. Maana kwa panga la Baba tungekata miti migumu ya juu msituni, kwa mundu tuliweza kukata ile miti laini ya uzio tu, ile ambayo ukichomeka kijiti kinachipua chenyewe. Tulikata minne, minene kama paja la mtu mzima. Ilituchukua tangu asubuhi mpaka jua likakaa utosini. Mimi na Mama tulikuwa tunapokezana mdogo wangu na mundu, mgongo na mkono.

Baba akikata nguzo alikuwa anaziunguza ncha motoni kwanza, mpaka zinakuwa nyeusi, ndipo anazisimika. Nguzo iliyoungua haiozi wala haichipui. Mama hakujua hilo, kwao nguzo huletwa kavu. Mimi nilijua. Lakini moto ulikuwa na sufuria la uji wa pombe juu yake, na Mama alikuwa na uso ule, nikanyamaza.

Mashimo tuligawana, mawili yake na mawili yangu. Kipimo chake kilikuwa mkono wangu. Alisema shimo limeze mkono wako wote mpaka begani, ndipo litakuwa shimo. La kwanza langu lilimeza. La pili, la upande wa chini wa mteremko, ambalo ndilo la nne kwa hesabu ya kichanja, liligoma. Nilichimba mpaka kiwiko nikagonga jiwe. Nikagonga pembeni, jiwe. Nikalala kifudifudi nikapapasa kwa vidole nikitafuta ukingo wake, na halikuwa na ukingo. Ulikuwa mlima wenyewe.

Ningesema, "Mama, hapa kuna jiwe." Maneno manne. Tungesogeza kichanja hatua mbili tu. Lakini kusogeza nguzo moja ni kusogeza zote, na mashimo matatu yalikuwa tayari, na Mama alikuwa amekaa chini akiwa ameegemeza kichwa kwenye magoti, mdogo wangu analia mgongoni na yeye hambembelezi. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

"Limefika?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Limefika."

Tukasimika. Nguzo za upande wa chini zinatakiwa ziwe ndefu zaidi juu ya ardhi ili sakafu iwe sawa, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Mteremko ulinificha. Nikashindilia udongo kwa kisigino, nikatia vijiwe, nikatia tope, nikatikisa nguzo ikakaa kimya. Nikajiambia imeshika. Tukafunga mianzi kwa kamba na misumari ile michache tuliyokuwa nayo, tukapandisha pipa tupu, na Mama akaanza kumimina ndoo kwa ndoo.

Siku mbili zile ndizo ninazozikumbuka kuliko zote za utoto wangu, na sijui kama nizikumbuke kwa furaha au kwa nini. Pombe ilianza kufanya kazi. Mama aliniita niweke mkono ubavuni mwa pipa, lilikuwa na joto kama mtu. Halafu nikaweka sikio.

Alikuwa humo. Nawaambia nilichokisikia, si ninachokijua sasa. Kile kifua kilichokuwa kinachemka kimefunikwa, vile vipovu vya taratibu, pumzi inayopanda na kuvunjika juu. Marehemu hurudi akakaa na watu wake, Shangazi alisema. Nilidhani kila mtu anajua, na kwamba ndiyo sababu watu wazima hunyamaza wakilipita pipa. Nilikuwa natoka shule nakimbia, nakumbatia pipa. Nilimsimulia habari za darasani. Nilimwambia awe mtamu, awaridhishe wazee, asituache tuondoke. Na kila nikimaliza nilikuwa naangalia nguzo ya nne, na mvua ilikuwa inanyesha, na kulikuwa na ufa mwembamba kwenye udongo kuizunguka kama pete.

Nikauziba kwa tope. Kesho yake ukarudi. Nikauziba tena.

Siku yenyewe mvua iliacha asubuhi. Watu walikuja wengi, wamekaa kwenye mikeka na magogo kuanzia mlangoni mpaka kwenye migomba. Shangazi Tekla alionja kwanza, akafumba jicho moja, akamwangalia Mama na kumwambia mbele ya watu, "Wifi, treni imefika." Watu wakacheka. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Nilijua tumeshinda.

Desideri akaja kukinga ndoo ya wazee. Alikuwa amevaa koti la Baba, na kiunoni alikuwa na panga, na mpini wake ulikuwa na mpira wa baiskeli. Nikafurahi, hivi mnaweza kuamini? Nikafurahi kwamba amelipata. Akainama kufungua koki. Ilikuwa ngumu. Akashika ukingo wa pipa kwa mkono mmoja na kuvuta.

Nguzo haikuvunjika. Ilitoka tu, kama jino la mtoto. Kichanja kikainamisha bega la chini, mianzi ikalia, na pipa likateleza polepole, polepole kiasi kwamba watu watatu walinyoosha mikono na wote watatu wakachelewa. Likagonga chini kwa ubavu, kifuniko kikaruka, na pombe yote ikatoka kwa pumzi moja ndefu ikashika mteremko. Ilipita katikati ya mikeka. Wazee waliinua miguu. Ikapita kwenye migomba, ikaenda njia yake ya machungwa.

Mimi niliikimbilia. Nilikuwa napiga magoti nachota povu kwenye tope kwa viganja, nalitia kwenye gauni langu, linapita, nachota tena. Naambiwa nilikuwa namwita Baba, asiende. Hilo silikumbuki. Nakumbuka povu lilikuwa linatoa sauti, vile vipovu vidogo, na kwamba vilikuwa vinakwisha kimoja kimoja nikiangalia. Mama alikuja akaninyanyua kwapani kama mtoto mdogo.

Kwenye pipa kilibaki kipimo cha kata moja. Mzee wa ukoo akaimwaga chini kwa ajili ya marehemu, akasema marehemu hanywi pipa, inatosha. Halafu akasimama akasema aliyolazimika kusema. Jina la Baba akapewa Desideri. Nyumba na shamba vilikwenda na jina. Sisi tukae mpaka maharage yaliyoko shambani yakomae, tuvune, twende kwa amani.

Maharage yalikomaa upesi. Mama akatuleta hapa mjini Morogoro, na mpaka leo anauza mboga, na mpaka leo mimi sijawahi kula maharage bila kuhesabu siku. Kwa miaka yote hii nilijua kitu kimoja kwa uhakika kuliko jina langu. Kwamba tulikuwa na nyumba, na mimi ndiye niliyeimwaga. Mama akichelewa sokoni akarudi miguu imevimba, nilikuwa naangalia miguu yake na kuwaza, kiwiko. Shimo la kiwiko.

Likizo iliyopita tulipata habari kwamba kaburi la Baba limeporomoka upande wa chini kwa mvua. Mama akasema twende. Nyumba yetu haipo tena, Desideri amejenga ya matofali juu zaidi. Alitupokea vizuri, nilimwamkia akaitikia, akatupa jembe na panga. Lile lile. Tukashuka kwenye ua wa zamani kwa sababu njia ya kaburini inapita pale, na Mama akasimama.

Palikuwa na miti mitatu. Mikubwa, imenizidi mara mbili, ina majani na viota. Ilikuwa imesimama kwenye kona tatu za kitu, na kona ya nne ilikuwa wazi. Mtu mwingine asingeelewa. Nilihisi kama nimevuliwa nguo njiani.

Mama aliupita wa kwanza, akaugusa. Wa pili. Wa tatu. Akaenda akasimama mahali palipokuwa wazi, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Huu haukushika," akasema. "Chini hapa kuna jiwe."

Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu siku ile. Nilikuja kuokota nguzo, tope lake limeishia hapa." Akashika kiwiko chake mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Tukabaki tunaangaliana kama wajinga wawili. Nikamwambia kwamba nilitunyang'anya nyumba. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, maneno ambayo nimeyabeba tangu darasa la tatu. Mama akanitazama kama hanijui.

"Nyumba gani?" akasema. "Leo, panga hili lilitoka juu ya mlango siku ya tatu ya msiba. Shangazi yako alilitoa kwa mkono wake akampa Desideri. Mimi sikuwepo, nilikuwa mtoni nafua. Uliponiambia halipo ndipo nilipojua. Panga la marehemu likishapewa mtu, mambo yameshasemwa. Pombe ile hata ingekuwa asali."

Alijua. Asubuhi ile, kabla hatujakata hata mti mmoja, alikuwa ameshajua. Akakata, akachimba, akabeba maji ndoo kwa ndoo kupanda mlima, akakoroga, akachuja, akatabasamu mbele ya watu. Nikamwuliza kwa nini basi alipika.

"Alikuwa mume wangu. Mtu anaagwa."

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Watu huandika hivyo, mzigo umenitoka. Mimi sikujisikia mwepesi hata kidogo. Nilikuwa nimeshazoea kwamba tulipoteza kwa kosa langu, maana kosa angalau lingeweza kutotendeka. Sasa naona ua ule umejaa watu, Shangazi anajua, Desideri anajua, wazee wanajua, Mama anajua. Aliyekuwa na tumaini pale alikuwa mmoja tu, na alikuwa na miaka tisa, na alikuwa anaongea na pipa.

Mama akakata tawi nene kwenye mti wa tatu, halafu lingine, tukaenda kaburini. Udongo wa upande wa chini ulikuwa umemomonyoka mpaka ukingo, ilibidi tusimike nguzo za kuushikilia. Nikamwambia, safari hii nikasema, kwamba Baba alikuwa anaunguza ncha kwanza.

"Nimeshajua," akasema. "Hizi usiziunguze. Tunataka ziote."

Akanipa jembe. Nikachimba, yeye akakaa pembeni, akaegemeza kichwa kwenye magoti. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, au sijui. Nilipofika kiwiko jembe likatoa ule mlio.

"Limefika?" akauliza.

Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono, nikapapasa jiwe mpaka nikapata ukingo wake.

"Bado, Mama," nikasema. "Kuna jiwe. Nisaidie kulitoa."